Eliya Chini ya Mretemu: Somo Juu ya Ugonjwa wa Sonona



Kabla hamjaendelea na somo hili, naomba mfungue Biblia zenu katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 19, mkasome toka aya ya 1 mpaka ya 18. Msisome kwa haraka. Habari hii tumeizoea tangu Shule ya Jumapili, na kwa sababu tumeizoea, wengi wetu huikimbilia ile sauti ya upole kule Horebu, tukauruka mti wa mretemu. Leo tutakaa kidogo chini ya mti huo.

Eliya tunayemkuta hapa ni yule yule wa mlango wa 18, aliyesimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali asitetemeke. Sasa anakimbia. Amefika Beer-sheba, amemwacha mtumishi wake huko, ameingia jangwani mwendo wa siku nzima, ameketi chini ya mti na kumwomba Mungu amwondolee uhai. Anajiona si bora kuliko baba zake. Kisha analala. Tazameni mambo yaliyokusanyika hapo: mtu amejitenga na mwenzake, amechoka kupita kiasi, hali chakula, anajiona hafai kitu, na anatamani kufa. Na mtu huyu si mpagani wala si mlegevu wa imani. Ni nabii wa Bwana.

Sisemi kwamba Eliya alikuwa na ugonjwa huu au ule. Biblia si kitabu cha hospitali, nasi hatuna ruhusa ya kumpima mtu aliyeishi karne nyingi zilizopita. Ninachotaka mkione ni vile Mungu alivyomtendea. Hakumkaripia. Hakumwambia aongeze sala, wala hakumwamuru afunge. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena, na malaika akamwacha alale. Akaja mara ya pili, akampa chakula tena, akakiri kwamba safari iliyo mbele yake imemzidi nguvu. Ni baada ya hayo yote, na mwendo wa siku 40, ndipo Mungu akamwuliza habari zake. Na alipokwisha kusema naye, akampa kazi ya kufanya na mwenzi wa kufanya naye, yaani Elisha.

Utaratibu huo nilichelewa sana kujifunza.

Mwaka 1992 nilikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu, na nilikuwa na madaraka ya nidhamu. Tulikuwa na mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili, kijana msikivu, mwenye mwandiko mzuri ubaoni kuliko baadhi yetu wakufunzi. Katika muhula mmoja akaanza kuchelewa paredi. Kisha akaacha kabisa kuhudhuria. Kengele inalia, wenzake wanatoka bwenini, yeye amelala amejifunika shuka mpaka kichwani. Katika mazoezi ya kufundisha alisimama mbele ya watoto wa darasa la 4 ameshika chaki, asiweze kuandika neno. Nilimwita ofisini mara tatu. Nilimwuliza kama anavuta bangi. Nilimwuliza kama kuna msichana anayemsumbua. Kila swali alijibu kwa sauti ndogo, “Hapana, Mkufunzi.” Basi nikaandika neno “mvivu” katika faili lake, nikampa adhabu ya kufyeka nyuma ya bwalo kwa siku 7.

Siku ya tatu nikakutana njiani na muuguzi wa zahanati ya chuo, mama mtu mzima ambaye sote tulimheshimu. Nikamwamkia, “Shikamoo, Mama.” Akaitika marahaba, kisha akasema, “Mwalimu, unamfyekesha mgonjwa.”

Nilikasirika. Nilimwambia kijana hana homa wala kidonda. Yeye akanieleza yale niliyokuwa sikuyauliza: kwamba kijana alikuwa amekonda mpaka suruali inafungwa kwa kamba, kwamba kila usiku huamka saa 9 na hapati tena usingizi mpaka alfajiri, na kwamba mama yake mzazi alifariki wakati wa likizo, naye akarudi chuoni siku ya kufungua kana kwamba hakuna lililotokea. Mama yule alikwenda kwa mkuu wa chuo akaomba ruhusa, akapanda basi pamoja na kijana mpaka hospitali ya mkoa. Hakumpa nauli na barua ya kwenda nayo. Alikwenda naye mwenyewe. Akaenda naye tena mwezi uliofuata, na uliofuata. Kijana alirudia masomo mwaka mwingine, akafuzu, na baadaye akawa mwalimu mkuu.

Amenipa ruhusa kuyaeleza haya bila kumtaja. Miaka mingi baadaye tuliketi pamoja nikamwomba msamaha, naye akaniambia, “Mkufunzi, kengele nilikuwa naisikia. Nilikuwa najiambia, inuka, inuka. Mguu hauji. Mama alipokuja hakuniuliza kwa nini silimi wala kwa nini sisomi. Aliniuliza nimekula nini.” Lile neno “mvivu” nililiandika kwa wino, na bila shaka limo ndani ya faili lile hata sasa.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa ule waganga wa hospitali huuita sonona. Huenda baadhi yenu mkaliona neno hili kuwa geni, lakini mzizi wake ni wetu wenyewe. Wazee wetu husema moyo unasononeka. Tuutofautishe na mambo mawili. Sonona si huzuni ya kawaida. Mtu aliyefiwa hulia, lakini katikati ya kilio mjukuu akisema neno la kuchekesha, hucheka, na baada ya muda huanza kuulizia shamba lake. Wala sonona si kile ambacho watu mitaani hukiita kichaa. Mgonjwa wa sonona aghalabu anajua vizuri yuko wapi na anaongea na nani. Pengine ndiye huyo anayekaa benchi la nyuma kanisani, amevaa vizuri, anaitikia Litania kama sisi.

Kanuni wanayotumia waganga ni hii: ikiwa kwa muda wa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, mtu ana moyo mzito au amepoteza kabisa hamu ya mambo aliyoyapenda, na pamoja na hayo usingizi umeharibika, chakula hakipiti au anakula kupita kiasi, nguvu zimekwisha, hawezi kukaza fikira, anajilaumu kwa mambo madogo au yasiyokuwepo, au anafikiri juu ya kifo, basi mtu huyo apelekwe kupimwa. Si lazima awe na dalili zote. Na kwetu sisi watu wengi hawaendi zahanati kusema “nina huzuni.” Wanasema kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mwili wote umechoka, mgongo unauma, au “nina mawazo mengi.” Wanapewa dawa ya malaria, kisha ya vidonda vya tumbo, kisha vitamini, na mwaka unapita. Wanaume nao mara nyingi huonekana wakali tu, au huanza kunywa pombe kuliko zamani. Na pombe, ijapokuwa inamsahaulisha mtu kwa saa chache, huuzidisha ugonjwa wenyewe.

Kuhusu chanzo chake, msitafute kimoja. Huweza kupita katika ukoo, kama kisukari kinavyoweza. Huweza kuletwa na msiba, talaka, deni, kustaafu, au kupigwa ndani ya nyumba. Huweza kufuatana na maradhi ya mwili, mathalani kisukari, kiharusi, ugonjwa wa tezi ya shingo au UKIMWI. Na kuna wengine ambao hukioni chanzo hata ukitafuta. Nyumba ina chakula, watoto wanasoma, mume ni mwema, na bado. Hao ndio wanaoteswa zaidi na maneno ya watu, maana kila mtu huwaambia wahesabu baraka zao.

Wamama wengine hupatwa baada ya kujifungua. Mama anamnyonyesha mtoto na machozi yanamtoka, au hahisi kitu chochote akimtazama, na kwa aibu hamwambii mtu, kwa sababu nyumba nzima inashangilia. Huyo si mama asiyempenda mtoto wake. Ni mgonjwa, na ugonjwa wake unatibika. Lakini akianza kusikia sauti zisizokuwepo, au akisema mambo ya kumdhuru mtoto au kujidhuru mwenyewe, asingoje wiki wala siku. Apelekwe hospitali siku ile ile, na asiachwe peke yake.

Ugonjwa huu hauko kwetu tu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 280 ulimwenguni walikuwa na sonona, na wanawake huugua zaidi kuliko wanaume.

Je, ni upungufu wa imani?

Swali hili ndilo nililoulizwa mara nyingi zaidi nilipoanza kuzungumza na watu wa mtaa wetu. Jibu langu ni la, na nitawaletea shahidi ambaye mmekwisha kumwimba bila kujua jina lake.

Ule wimbo wa chemchemi ya damu ya Imanweli, tunaouimba sana wakati wa Kwaresima, uliandikwa na Mwingereza William Cowper, mtoto wa padre. Alizaliwa mwaka 1731, akafiwa na mama yake akiwa na miaka 6. Alisomea sheria. Mwaka 1763 alipotakiwa kufanyiwa mtihani mbele ya watu wakubwa ili apewe kazi, hofu ilimzidi, akajaribu kujiua. Ndugu zake wakampeleka kwa daktari aliyeitwa Nathaniel Cotton, katika mji wa St Albans, ambaye alikuwa na nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa namna hiyo. Akakaa huko kama mwaka na nusu. Ilikuwa katika nyumba ya daktari, akiendelea kutibiwa, ndipo alipoisoma Biblia na kumwamini Kristo kwa moyo wake wote. Alikwenda hatimaye kuishi Olney, ambako John Newton, nahodha wa zamani wa meli za watumwa, alikuwa kasisi. Hao wawili ndio walioandika kitabu cha nyimbo za Olney kilichochapishwa mwaka 1779, na zaidi ya nyimbo 60 ndani yake ni za Cowper.

Lakini mwaka 1773 ugonjwa ulimrudia vibaya. Alishika wazo kwamba Mungu amemkataa yeye binafsi, na wazo hilo halikumwacha sawasawa mpaka alipokufa mwaka 1800. Aliacha kuingia kanisani. Sasa Newton alifanyaje? Alimchukua nyumbani kwake, akamtunza humo zaidi ya mwaka mmoja, pamoja na mama mmoja mjane, Mary Unwin, aliyekuwa kama mzazi kwake. Siku hizo hapakuwa na dawa yoyote ya kufaa. Wakampa kazi za mikono. Akalima bustani, akatengeneza vibanda kwa seremala wake mwenyewe, yaani kwa mikono yake, akafuga sungura wa mwituni watatu na kuwapa majina. Akaishi miaka mingine zaidi ya 25, akaandika mashairi ambayo Waingereza wanayasoma hata leo. Kama imani peke yake ingekuwa kinga ya sonona, mtu aliyetupa wimbo ule asingeugua. Na kama rafiki zake wangelimwacha siku alipokoma kwenda kanisani, sidhani angeliishi miaka hiyo.

Tena someni Zaburi ya 88. Nyingi za zaburi za kilio huishia kwa shukrani. Hii haishii hivyo, inaishia gizani. Na bado Kanisa limeiweka mikononi mwetu, hata Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kikaifanya mojawapo ya zaburi za jioni ya Ijumaa Kuu, siku ambayo Bwana wetu mwenyewe alikuwa gizani. Mgonjwa asiyeweza kusali anaweza kusomewa zaburi hiyo na mtu mwingine. Haitamlazimisha kuwa na furaha asiyokuwa nayo.

Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu, msimwambie mgonjwa wa sonona afunge siku tatu. Hana nguvu, na chakula chenyewe hakipiti. Msimsimamishe mbele ya watu mkamkemea pepo. Nimeona dada mmoja akitikiswa mabega na kupigiwa kelele mpaka akaanguka. Aliinuka na aibu juu ya ugonjwa. Namna hiyo hiyo familia nyingine humzungusha mgonjwa kwa waganga wa kienyeji, jini hili na jini lile, mbuzi huyu na kuku yule, mpaka fedha ambazo zingemfikisha hospitali mara kumi zimekwisha. Mapadre wetu wana kitu kilicho bora: Yakobo 5:14 inatuagiza kumwombea mgonjwa na kumpaka mafuta, kwa utulivu, nyumbani kwake. Na kama mgonjwa anataka kuungama, Padre amsikilize, lakini akumbuke kwamba mtu wa sonona huweza kuungama dhambi ambazo hakuzitenda, na kuzirudia kila wiki. Hapo kinachohitajika ni daktari pamoja na Padre, si kitubio kikubwa zaidi.

Kumwendea daktari si kumkimbia Mungu. Mtakatifu Luka alikuwa tabibu, Paulo anamwita hivyo katika Wakolosai 4:14. Yoshua bin Sira, katika mlango wa 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kutozidharau dawa, kwa kuwa vyote viwili vimetoka kwa Mungu, na papo hapo anatuambia tuombe. Hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili.

Matibabu

Watu wengi hawaendi kutibiwa kwa sababu ya neno moja: Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma, iliyojengwa mwaka 1927, imewatibu watu wengi na imefanya kazi njema, lakini sisi tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Mtu akiambiwa akapimwe, anafikiri atafungiwa. Jambo hilo si kweli kwa wagonjwa walio wengi wa sonona. Wengi hutibiwa huku wanalala nyumbani kwao. Njia ni kuanza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na kuomba kupelekwa hospitali ya wilaya au ya mkoa ikiwa hapo hakuna mtaalamu. Hata kule Lutindi, katika milima ya Usambara, mahali ambapo wamisionari wa Kijerumani walianza mwaka 1896 kwa kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani, kisha mwaka 1904 wakaanza kuwapokea wagonjwa wa akili, wagonjwa wamejulikana kwa kulima, kufuga na kuimba, wala si kwa minyororo.

Huko mganga atauliza maswali mengi, na jibuni kwa kweli. Ataweza kupima damu ili aone kama kuna ugonjwa mwingine wa mwili. Atauliza kama kuna wakati mgonjwa aliwahi kuwa na furaha na nguvu kupita kiasi, asilale, akatapanya fedha. Msifiche jambo hilo, maana matibabu yake ni tofauti.

Tiba yenyewe ni ya namna mbili, na mara nyingi zote huenda pamoja. Ya kwanza ni mazungumzo na mshauri aliyefundishwa. Watu huidharau wakisema ni maneno matupu. Mshauri hamhubirii mgonjwa wala hamwamulii mambo. Humsaidia kuupasua mzigo wake vipande, achukue kimoja, akifanyie kazi wiki hiyo, kisha warudi kukitazama pamoja. Sisi walimu tunalijua jambo hilo: hesabu ndefu mtoto haiwezi mpaka umwonyeshe hatua ya kwanza.

Ya pili ni dawa. Historia yake inafurahisha. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya ya kifua, na waganga wakashangaa kuona watu waliokuwa wamekata tamaa wanachangamka wodini. Dawa ile haitumiki tena kwa sababu ya madhara yake, lakini iliwafungua macho wataalamu. Siku hizi dawa zinazotumika sana ni kama fluoksetini na amitriptilini.

Juu ya dawa hizi sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Hazifanyi kazi siku moja kama ya maumivu ya kichwa. Huchukua wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi, kabla mgonjwa hajahisi nafuu, na kinachotangulia kuonekana mara nyingi ni usumbufu: amitriptilini hukausha kinywa na kuleta usingizi, fluoksetini huweza kuleta kichefuchefu. Basi mtu humeza siku 5, akaona kinywa kimekauka na moyo ni ule ule, akatupa vidonge chooni. Avumilie, na arudi kwa mganga kusema anavyojisikia. Akipona asiache mara moja. Kwa kawaida huendelea kiasi cha miezi 6 au zaidi baada ya kupata nafuu, kisha mganga humpunguzia polepole. Dawa hizi si za kulevya, wala hazimfanyi mtu kuwa mtumwa wake. Lakini amitriptilini ikimezwa nyingi kwa pamoja ni hatari sana, kwa hiyo ikiwa mgonjwa ana mawazo ya kufa, vidonge vitunzwe na ndugu yake.

Nauli

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Ugonjwa wa mguu huacha nia ikiwa nzima: mgonjwa anataka kutibiwa, naye huomba abebwe. Sonona huikamata ile nia yenyewe. Kumwambia mgonjwa wa sonona “nenda hospitali ukatibiwe” ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu atembee mpaka kwa fundi wa mifupa. Anajua kwamba inafaa. Mguu hauji, kama alivyosema yule mwanafunzi wangu.

Huko Zimbabwe kuna daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda. Ameeleza hadharani habari ya msichana mmoja aliyekuwa mgonjwa wake, ambaye familia yake waliishi mbali na mji wa Harare. Msichana yule alijiua. Mama yake alipoulizwa kwa nini hawakumleta mapema, alijibu kwamba hawakuwa na dola 15 za nauli ya basi. Jambo hilo lilimwumiza sana daktari. Kuanzia mwaka 2006, badala ya kungoja watu wamfikie hospitalini, aliwafundisha akina bibi wa mitaani, wanawake wazee wanaoheshimika, jinsi ya kuwasikiliza wagonjwa na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja, wakiwa wameketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Wao hawatumii neno la hospitali. Hutumia neno la Kishona, kufungisisa, lenye maana ya kufikiri mno, karibu sawa na “mawazo mengi” yetu. Matokeo yalipimwa kwa watu 573 na kutangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, katika wale waliopewa huduma ya kawaida karibu nusu walikuwa bado na dalili za sonona. Katika wale walioketi na akina bibi walikuwa kiasi cha 14 katika kila 100. Mpango huo umefika hata Zanzibar.

Akina bibi tunao. Mabenchi tunayo. Sisemi tuanze kesho kujifanya washauri bila kufundishwa, kwa kuwa mafunzo ni sehemu ya siri ya mafanikio yale. Lakini yapo mambo ambayo hayahitaji cheti. Mtu akikosekana kanisani wiki 3, aendewe, na anayekwenda achukue uji au ndizi, asichukue maswali. Aketi. Akimwona anafaa kupelekwa, aseme, “Jumanne nitakuja saa 12 asubuhi, tutakwenda pamoja,” kisha aje kweli, saa 12. Na asiyatangaze katika jumuiya. Ni afadhali usimsaidie kabisa kuliko kumsaidia ukamfanya habari ya kisimani.

Ukiona anaongea juu ya kufa, au anagawa vitu vyake, au anaaga kwa namna isiyo ya kawaida, mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo. Halimtii, mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, usimwapishe wala usimtishe na jehanamu. Kaa naye, ondoa nyumbani dawa za kuulia wadudu wa shamba na vitu vingine vya hatari, ita ndugu mmoja anayemwamini, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Na ikiwa jambo baya limekwisha kutokea, naomba tuwe na huruma kwa waliobaki. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kina agizo kwamba ibada ya maziko isisomwe kwa mtu aliyejiua, na watu wazima mnakumbuka maziko ya kimya kimya nje ya uzio. Mwaka 2015 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza ilipiga kura ya kutaka kizuizi hicho kiondolewe. Kwetu jambo hili liko mikononi mwa Askofu na Padre, nami siwezi kulisemea. Naweza kusema tu kwamba yule mjane na wale watoto wanahitaji kuketiwa matanga kama wafiwa wengine wote.

Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho 1:8, anakiri kwamba huko Asia alilemewa hata akakata tamaa ya kuishi. Mbele kidogo, katika 7:6, anaeleza jinsi Mungu alivyomfariji. Hakuona maono. Tito alifika.

Nimemwomba Padre, na Halmashauri ya parokia imekubali kulizungumza, kwamba katika sadaka ya Jumapili ya kwanza ya kila mwezi tutenge kiasi kidogo kiwe cha nauli: nauli ya watu wawili, mgonjwa na msindikizaji, kwenda na kurudi. Umoja wa Akina Mama wamekubali kukitunza, na jina la anayesaidiwa litajulikana kwa watu wawili tu.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

1. Malaika alimpa Eliya chakula mara mbili kabla ya kumtuma safari. Katika mtaa wenu, mtu aliyekata tamaa hupewa nini kwanza?

2. Someni Zaburi ya 88 yote kwa sauti, mtu mmoja asome na wengine wasikilize. Je, mngeweza kumsomea nani? Msimtaje jina.

3. Kutoka kwenu mpaka kwenye hospitali yenye mtaalamu wa magonjwa ya akili ni nauli kiasi gani kwa watu wawili, kwenda na kurudi? Ulizeni, mwandike, mniletee.